Tom Mboya: Mwana wa Rusinga aliyechaguliwa na Nairobi

Uchaguzi unapokaribia, swali moja husikika karibu kila kijiji: mgombea huyu ni wa kwetu au ni wa kuja? Mahali pengi jibu la swali hilo huamua kura hata kabla mgombea hajafungua mdomo. Ndiyo maana maisha ya Tom Mboya wa Kenya bado yanafaa kusimuliwa, ingawa ni zaidi ya miaka 50 tangu auawe.

Asili ya Mboya ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Hata hivyo, hakuwahi kuomba kura za ubunge Rusinga. Aliziomba Nairobi, mwaka 1957, mwaka 1961 na mwaka 1963, na kila mara alishinda. Mwaka 1961 alishinda kwa kishindo katika eneo ambalo wapigakura wengi walikuwa wa kabila lingine. Je, alifanyaje?

Kukulia ugenini

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa msimamizi wa vibarua katika shamba la mkonge la mzungu. Watu wa makabila mengi walifanya kazi katika shamba hilo, na watoto wao walicheza pamoja. Kwa hiyo, tangu utotoni Mboya alisikia Kikamba, Kikuyu na Kiswahili, pamoja na lugha ya nyumbani kwao. Lugha hizo zilikuja kumfaa sana alipoanza kupanda jukwaani.

Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, kisha Yala huko Nyanza, halafu Mang'u karibu na Thika. Alikuwa mtoto wa kwanza katika familia, na karo ilikuwa mzigo mkubwa kwa baba yake. Baada ya Mang'u hakuendelea na masomo ya juu. Alichagua mafunzo ambayo hayakudai karo kutoka nyumbani, yaani kozi ya ukaguzi wa afya huko Kabete. Alianza mwaka 1948, na mwaka 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi.

Kazi ya mkaguzi wa afya ilikuwa kuzunguka jijini akiangalia usafi wa maduka, masoko na nyumba, na kupima vyakula kama maziwa. Wakaguzi wazungu walifanya kazi hiyo hiyo kwa mshahara mkubwa zaidi. Katika kitabu chake kuhusu maisha yake, Mboya alisimulia kwamba siku moja alikuwa peke yake ofisini pale mwanamke mzungu alipoingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mwanamke huyo alitazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu ndani, ilhali Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Chama cha wafanyakazi

Mboya aliwaunganisha wafanyakazi Waafrika wa halmashauri wadai haki zao pamoja. Chama chao cha ofisini kikageuka kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953 kazi yake katika halmashauri ilifikia mwisho, na mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Huo ulikuwa wakati mgumu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari mwezi Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Jomo Kenyatta alikuwa amekamatwa. Chama cha siasa cha Waafrika, KAU, kilipigwa marufuku mwaka 1953. Mwezi Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa, wakachujwa, wakapelekwa kizuizini au kurudishwa vijijini kwa nguvu. Wengi hawakuwa wamepatikana na kosa lolote.

Vyama vya siasa havikuwepo tena, lakini vyama vya wafanyakazi vilikuwa bado halali. Mboya alitumia nafasi hiyo. Shirikisho lake lilipinga hadharani kukamatwa kwa watu wengi kiasi hicho na kufukuzwa kwa familia zao. Lilifanya hivyo wakati ambapo karibu kila sauti nyingine ya Kiafrika ilikuwa imenyamazishwa. Waliotetewa hawakuwa watu wa kabila lake, na hawakusahau.

Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alikwenda huko kusaidia usuluhishi, na wafanyakazi wakapata nyongeza ya mshahara. Baada ya hapo jina lake lilijulikana nchi nzima. Mwaka huo huo alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza, kisha akatembelea Marekani. Alirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 1956, wakati ambapo uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulikuwa unaandaliwa.

Uchaguzi wa 1957: kiti kimoja kwa jiji zima

Hadi wakati huo, Waafrika waliokaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya walikuwa wameteuliwa na serikali. Mwezi Machi 1957, kwa mara ya kwanza, Waafrika walipiga kura kuchagua wajumbe wao. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima, na Nairobi yote ilipewa kiti kimoja.

Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Mpigakura alipaswa kuwa na sifa fulani, kama elimu, kipato, mali au utumishi wa muda mrefu serikalini. Mwenye sifa nyingi alihesabiwa kura zaidi ya moja, hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa pia cheti cha utiifu, kuonyesha kwamba hawakuunga mkono Mau Mau. Kwa sababu hiyo, wengi wao walibaki nje ya orodha ya wapigakura.

Mpinzani mkuu wa Mboya alikuwa wakili C.M.G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili. Alikuwa amewatetea mahakamani washukiwa wengi wa Mau Mau, na aliongoza chama cha siasa cha Nairobi. Naye pia alitoka Nyanza, hivyo shindano hilo halikuwa la kabila moja dhidi ya lingine. Lilikuwa la wakili dhidi ya kiongozi wa wafanyakazi. Mboya alishinda kwa tofauti ya kura chini ya 400.

Pamoja naye waliingia barazani Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi na Lawrence Oguda. Wote wanane walikataa kuingia katika serikali na wakadai viti zaidi. Mwaka 1958 Waafrika waliongezewa viti sita.

Chama cha mtaa kwa mtaa

Mboya alijua kwamba ushindi wa kura chini ya 400 si ngome. Sheria za Hali ya Hatari zilikataza vyama vya nchi nzima, lakini ziliruhusu vyama vya wilaya. Mwaka 1957 alianzisha chama cha Nairobi kilichoitwa People's Convention Party. Kilikuwa na matawi katika mitaa ya Waafrika upande wa mashariki mwa jiji, kikawa na gazeti lake, na kikaitisha mikutano mara kwa mara. Wanachama walilipa ada. Kina mama, madereva, wachuuzi na makarani walipewa kazi za kufanya. Mwaka 1959 polisi walivamia ofisi na nyumba za viongozi wake, na baadhi yao wakawekwa kizuizini.

Jina la Mboya lilikuwa limeshavuka mipaka ya Kenya. Mwezi Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano mkubwa wa watu wa Afrika uliofanyika Accra, Ghana. Mwaka uliofuata alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana. Mwezi Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kuelekea vyuo vya Marekani. Safari nyingine zilifuata, na mmoja wa walionufaika mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Safari hizo zilichukua vijana wa makabila mbalimbali. Vijijini, familia na majirani walichanga fedha, wakauza mbuzi na mazao, ili mtoto wao asikose nafasi. Wapinzani wa Mboya walimshutumu kwamba anategemea fedha za Wamarekani. Lakini kwa mzazi aliyemsindikiza mwanawe uwanja wa ndege, jambo hilo lilikuwa na maana nyingine kabisa.

Uchaguzi wa 1961: mtihani wa kabila

Baada ya mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwanzoni mwa mwaka 1960, vyama vya nchi nzima viliruhusiwa. KANU ilianzishwa, na Mboya akawa katibu mkuu wake. Uchaguzi ukapangwa kufanyika Februari 1961.

Safari hii mlango wa kupiga kura ulikuwa mpana zaidi. Ilitosha kujua kusoma au kuandika lugha yako, au kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, au kuwa na kipato cha pauni 75 kwa mwaka. Zaidi ya watu milioni moja walijiandikisha. Wakikuyu walirudi katika orodha kwa wingi, na katika eneo la Nairobi Mashariki, alikogombea Mboya, wao ndio waliokuwa wengi.

Mpinzani wake alikuwa Dakta Munyua Waiyaki, daktari kijana Mkikuyu kutoka ukoo wa Waiyaki wa Hinga, kiongozi anayekumbukwa kwa kuwapinga Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Zaidi ya hayo, baadhi ya wakubwa wa KANU yenyewe, waliomwona Mboya kuwa na nguvu kupita kiasi, walimuunga mkono Waiyaki. Kwa hesabu ya kabila peke yake, Mboya alipaswa kushindwa.

Matokeo yalikuwa kinyume. Mboya alipata zaidi ya kura 31,000. Waiyaki hakufikisha 3,000. Maana yake ni kwamba maelfu ya Wakikuyu walimpigia kura mtu wa Rusinga na kumwacha mwana wa kwao. Walikuwa wamemwona akiwasemea wakati wa Operesheni Anvil. Wengine walikuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi alivyoviongoza. Wengine walikuwa na kijana wao aliyekwenda kusoma ng'ambo. Tena alizungumza nao kwa lugha wanazozielewa, na chama chake kilikuwa na watu katika kila mtaa wa kuwahimiza wajiandikishe na wajitokeze siku ya kura.

Waziri na mwanasiasa mgumu

Mwezi Januari 1962 Mboya alimwoa Pamela Odede. Mwaka huo huo akawa Waziri wa Kazi, na akaziunganisha serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi katika makubaliano ya kusuluhisha migogoro kabla ya mgomo. Mwezi Mei 1963 alirudi kwa wapigakura wa Nairobi akachaguliwa tena, safari hii katika eneobunge la Nairobi ya Kati. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 alikuwa Waziri wa Sheria na Katiba, na baadaye Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo.

Hata hivyo, Mboya hakuwa malaika wa siasa. Yeye ndiye alikuwa fundi wa mambo mengi yaliyoipa serikali ya Kenyatta nguvu kupita kiasi. Katika mkutano wa KANU huko Limuru mwezi Machi 1966, mipango yake ilisaidia kumwondoa Oginga Odinga kwenye wadhifa wa makamu wa rais wa chama. Odinga alipotoka na kujiunga na chama kipya cha KPU, Bunge lilipitisha haraka sheria iliyomlazimu kila mbunge aliyehama chama kurudi kwa wapigakura.

Ndipo ukafanyika uchaguzi mdogo mkubwa wa Juni 1966, katika maeneo karibu 30 kwa pamoja. KPU ilipata viti tisa tu, ingawa jumla ya kura zake ilizidi za KANU. Wagombea wa KPU walilalamika kwamba walizuiwa kufanya mikutano na hawakupewa nafasi sawa. Mtu aliyeupata ubunge wake kwa kujenga chama kwa jasho mtaani alikuwa sasa upande wa wale waliowafungia wengine njia.

Kisha njia ikaanza kufungwa kwake pia. Odinga alipokwisha kusukumwa pembeni, baadhi ya watu waliomzunguka Rais Kenyatta walimwona Mboya kuwa kizuizi cha kurithi urais. Mwaka 1968, mapendekezo ya kubadili katiba yalipoletwa, yaligusa umri wa mtu anayeweza kuwa rais, na miaka 40 ikatajwa. Mboya alikuwa na miaka 37. Baada ya mabishano, umri ukawekwa kuwa miaka 35.

Jumamosi ya Julai 1969

Tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya aliingia katika duka la dawa la Chhani, barabara ya Government Road, ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Alipokuwa akitoka alipigwa risasi mlangoni. Alifariki dunia kabla madaktari hawajaweza kumsaidia. Alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 39.

Nahashon Isaac Njenga Njoroge, Mkikuyu, alishtakiwa, akahukumiwa kifo na kunyongwa mwaka huo huo. Kama alitumwa, na alitumwa na nani, mahakama haikueleza. Wengi, hasa Nyanza, waliamini kwamba waliopanga mauaji hawakuguswa. Siku ya misa ya wafu jijini Nairobi, umati wenye hasira ulipambana na polisi msafara wa Rais ulipofika kanisani. Mwili ulisafirishwa hadi Rusinga na kuzikwa huko, huku watu wakijipanga kando ya barabara kuuaga.

Mwezi Oktoba mwaka huo, ziara ya Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa vurugu, na walinzi wakawafyatulia watu risasi. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Uchaguzi mkuu wa Desemba 1969 ulifanyika na chama kimoja tu, KANU.

Kiti kilichobaki

Katika uchaguzi huo, sehemu kubwa ya mitaa iliyokuwa ikimchagua Mboya ilikuwa katika eneobunge la Kamukunji, na Maina Wanjigi akawa mbunge wake. Mwaka 1979 wapigakura wa Kamukunji walimwondoa wakamchagua Nicholas Gor, Mjaluo. Kwa hiyo, hata miaka kumi baada ya mauaji yaliyowagawa Wakenya kwa kabila, eneo hilo halikuwa limekubali kuwa mali ya kabila moja.

Leo Nairobi, iliyokuwa na kiti kimoja cha Waafrika mwaka 1957, ina maeneobunge 17. Kamukunji ni mojawapo, na ina wadi za Pumwani, Eastleigh Kaskazini, Eastleigh Kusini, Airbase na California. Barabara moja kubwa katikati ya jiji inaitwa Tom Mboya, na tangu mwaka 2011 sanamu yake imesimama Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa. Rusinga kuna kaburi lake, lililojengewa jengo lenye umbo la risasi, na wageni hulitembelea.

Msikilizaji, hesabu ya kura za 1961 inabaki kuwa ushahidi. Watu zaidi ya 31,000 waliulizwa, kwa namna ya wazi kabisa, kama wanamtaka wa kwao au wa kuja. Walitazama ni nani aliyekuwa nao siku za msako, kazini na shuleni kwa watoto wao, wakampigia kura huyo.